Nguzo Aliyoinyoosha Shemeji

Shemeji yangu hawezi kupita kitu kilichopinda akakiacha. Ndivyo alivyoumbwa, halafu kazi ya uashi ikaja kumharibu kabisa. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hata hajasalimia, jicho limeshafika kwenye picha ya ukutani, na mkono unafuata. Ataiweka sawa huku anauliza habari za watoto. Siku ya harusi ya binti yangu aliacha sahani yake akaenda kunyoosha mlingoti wa turubai, nusura turubai litufunike sote na bibi harusi ndani. Kazi kaacha zamani, lakini timazi yake, ile kamba yenye chuma kizito chini ambayo waashi hupimia kama ukuta umesimama wima, bado anatembea nayo mfukoni kama wengine wanavyotembea na miwani. Watoto wanamwita Babu Timazi.

Na ana jingine. Kila akimwaga zege, lingali bichi, lazima achukue msumari aandike tarehe. Ngazi zangu za mlangoni zina tarehe. Pale mke wangu anapofulia pana tarehe. Hata kibaraza cha kuku kina tarehe, kuku hawajui kusoma lakini wanayo.

Naanza na yeye kwa sababu habari hii ni ya mjukuu wangu, na bila shemeji haisimuliki. Vumilieni, nafika.

Mimi ni fundi cherehani. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, alikulia chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, mama yake akiwa kazini. Alikuwa mwizi wa futi. Ile futi ya kuvaa shingoni, ya kupimia wateja, nikigeuka tu haipo. Namkuta anampima paka mkia. Namkuta uani amechuchumaa kwenye dimbwi la mvua. "Babu, jana lilifika hapa, leo limeishia hapa. Maji yamekwenda wapi?" Namwambia yamesafiri. "Yamesafiri na nani?" Basi tukamwita Futi, na jina likashika mpaka leo. Bibi yake ndiye hamwiti hivyo, yeye humwita mke mwenzangu, na wanapendana kweli kwa wake wenza.

Futi akasoma. Mimi niliacha shule mapema, sikujua kama shule ina ghorofa nyingi namna ile. Kila nikidhani kafika juu, ananiambia, "Bado, Babu, kuna nyingine." Ile ya mwisho kabisa ni ya utafiti. Hapo hupewi swali ujibu. Swali unalitafuta mwenyewe, jibu unalitafuta mwenyewe, halafu unakwenda mbele ya wakubwa kuwathibitishia kwamba hukuota.

Swali lake lilikuwa nyuma ya nyumba zetu. Pale kuna mteremko mrefu, na chini yake ndipo tunapoishi, mtaa mzima, na barabara, na zahanati. Msimu wa mvua udongo wa pale unatembea. Polepole tu, huwezi kuuona kwa macho. Lakini siku ukiamua kukimbia, haupigi hodi. Futi alitaka kujua kabla haujakimbia. Akapanda nguzo za plastiki mteremko wote, kila moja na kimashine kidogo ndani. Udongo ukisogea, nguzo inainama. Nguzo ikiinama hata unywele, kimashine kinapeleka habari hewani mpaka kwenye kompyuta yake. Kompyuta inakusanya maneno ya nguzo zote, inachanganya na mvua iliyonyesha, inasema: hapa pamelala, hapa panajigeuza, hapa panataka kuamka.

Mimi naona ni kazi safi. Tabu ikawa, kazi yenyewe ni ya nani? Pale chuoni kuna nyumba ya watu wa hesabu, nyumba ya watu wa miamba na udongo, nyumba ya wahandisi, na nyumba ya watu wa kompyuta. Watu wa hesabu wakimwona wanasema, huyu ni wa udongo. Wa udongo wanasema, huyu mbona ana hesabu nyingi hivi, apelekwe kwa wahandisi. Wahandisi wanasema ni wa kompyuta. Kompyuta nao wanasema sisi hatupandi milima. Alikuwa kama mtoto wa wageni siku ya shughuli, kila nyumba inadhani amekula kwa jirani, kumbe mtoto anashinda na njaa.

Siku moja alikuja kazini kwangu akakaa kwenye kigoda, anachomoa nyuzi kwenye vipande vya nguo. Nikamuuliza nani kakuudhi.

"Wanasema nichague kitu kimoja, Babu."

"Kwani mimi nikishona koti huwa nachagua mkono mmoja?"

Akacheka kidogo, akaniibia futi, akaondoka. Huo ndio ulikuwa ushauri wangu wote kwenye elimu yake, msije mkasema sikuchangia.

Siku ya kutetea utafiti ikafika. Nilimshonea koti la bluu iliyoiva, na bitana ya hariri ambayo haionekani na mtu, mwenyewe tu ndiye anaisikia mwilini. Asubuhi namvalisha, anafunga kifungo, anakifungua, anakifunga tena.

"Kuna mtu wanamleta kutoka nje ya chuo," akasema. "Wanafunzi wanamwita Nyundo. Yeye haamini kazi ya kuchanganya changanya. Wakikataa leo, Babu, hawataniambia nirekebishe. Wataniambia nianze upya ndani ya nyumba moja, na nguzo zangu zote zing'olewe."

"Zing'olewe? Na mteremko?"

"Mteremko utabaki unatembea peke yake."

Tukaenda familia nzima. Mimi, mke wangu, mama yake Futi, na shemeji. Mlangoni Futi akamshika shemeji mkono kwa heshima zote. "Babu Timazi, nakuomba kitu kimoja. Humu ndani usiguse chochote."

"Mimi? Mimi niguse nini?" akasema shemeji, kama mtu aliyesingiziwa.

Mlangoni hapohapo mama mmoja wa uhandisi, mmoja wa watu wanne waliopangwa kumhoji Futi, alinisalimia akanitazama shingoni. Kumbe nimetoka nyumbani na suti kamili, viatu vimeng'aa, na futi bado inaning'inia shingoni.

"Karibu mzee. Wewe ndiye mpimaji wa mradi?"

"Ndiyo mwanangu," nikajibu, "napima."

"Anapima viuno," mke wangu akasema, akapita.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na viti vyenye kimeza cha kufunua, na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Mbele kuna kitambaa cheupe cha kurushia picha. Tulipokaa tu nikamwona shemeji anakunja uso. Nikafuata macho yake. Kile kitambaa kilikuwa kimening'inia upande, kushoto chini kuliko kulia. Akaanza kuinuka, mke wangu akamvuta mkia wa koti. "Kaa chini, kaka. Kaa."

Futi akaanza. Niwaambie ukweli, mimi nilielewa pale aliposema "habari za asubuhi" na pale aliposema "asanteni". Katikati nilikuwa natazama mabega ya koti yanavyokaa. Yalikaa vizuri. Lakini picha moja niliielewa: mistari ya rangi, kila mstari ni nguzo moja, na yote inashuka taratibu kama watu wanaoteremka ngazi. Yote isipokuwa mmoja. Huo ulikuwa unashuka na wenzake, ghafla ukaruka juu, ukalala bapa kama uzi uliovutwa, haushuki tena.

Yule Nyundo alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kamba. Akainua kidole.

"Binti, hiyo nguzo ya saba. Mlima wako umepanda?"

"Hapana, Profesa."

"Mchoro wako unasema umepanda. Leo nguzo imeinama kama wenzake, kesho imesimama wima kabisa, na kutoka hapo haitaki hata kutikisika. Miaka yote nimesoma udongo. Sijaona udongo uliotubu."

Watu wakacheka chinichini. Mimi sikucheka, kwa sababu pembeni yangu kiti kililia. Nikageuka. Shemeji alikuwa anateleza kwenye kiti taratibu, anataka kwenda chini ya kimeza. Jasho limemtoka, na kiyoyozi kiko juu yake.

"Shemeji," nikamnong'oneza, "ile nguzo ya juu kule, karibu na njia ya mkato..."

"Nyamaza wewe."

"Uliigusa?"

"Ilikuwa imelala kama mlevi! Mtoto wetu kaweka nguzo, watu wanapita wanaiona imepinda, watasema nini juu ya ukoo wetu?"

"Kwa hiyo uliinyoosha tu, basi?"

"Na zege kidogo."

"Zege!"

"Shh!" akasema mke wangu, na mstari wote wa mbele ukageuka kututazama.

Kule mbele kijana wa kompyuta, naye ni katika wale wanne, akataka kumsaidia. "Kwani usingeifuta tu? Kipimo kimoja kibovu, mtu anakitoa, anaendelea."

Nyundo akamkata. "Akikitoa, atakuwa anachagua anachopenda kuona. Akikiacha, mlima unapanda. Kwa hiyo binti, tuambie. Umechagua lipi?"

Mama yake Futi alinishika goti, kucha zikaingia kwenye suruali yangu mpya. Futi akanywa maji. Akavuta mkono wa koti, ule mkono wa kushoto, vilevile alivyokuwa anavuta futi yangu akiwa mdogo kabla hajapima kitu.

"Niliiacha makusudi, Profesa," akasema. "Na kompyuta sikuiambia lolote."

Akabadilisha picha.

"Programu yangu haimwamini mtu mmoja. Inawauliza majirani. Nguzo ya sita inasema nashuka. Ya nane inasema nashuka. Mvua inasema nimenyesha. Ya saba peke yake inasema mimi niko wima. Ni kama kikao cha ukoo, wote wanaeleza jambo moja, mmoja anakataa. Programu inampunguzia sauti yule mmoja. Hapa mnaiona sauti ya nguzo ya saba. Tarehe hii, imezimwa."

Mama mmoja wa hesabu, mwenye kitambaa kichwani, ambaye alikuwa anaandika tu, akanyanyua kalamu. "Hapo nina wasiwasi. Kuna siku mmoja anakataa na ndiye mkweli. Programu yako imewahi kumnyamazisha mkweli?"

Pale angeweza kusema hapana. Mimi ningesema hapana.

"Imewahi," akasema Futi. "Nguzo moja ya pembeni ilianza kushuka kabla ya wenzake wote. Hesabu peke yake ikaiona mwongo, ikainyamazisha. Nilipoweka ramani ya miamba, ikaonekana chini yake kuna chemchemi. Ilikuwa inasema kweli, ilitangulia tu. Kwa hiyo hesabu bila miamba ilinidanganya. Lakini ramani hiyohiyo, nikiiuliza kuhusu ya saba, haina chochote cha kuitetea. Udongo unaweza kushuka, unaweza kutulia. Kusimama wima sawasawa, udongo haujui. Wima ni kazi ya mkono wa mtu."

Nyundo akainama mbele. "Hayo ni maelezo mazuri. Ushahidi?"

"Nilidhani betri imekufa. Nikapanda kwenda kuangalia." Akabonyeza. "Nikakuta hiki."

Kwenye kile kitambaa cheupe kilichopinda ikatokea picha kubwa ya zege. Zege safi, kingo zimepigwa mwiko zikanyooka, nguzo imesimama katikati kama askari. Na juu ya zege, kwa maandishi ya msumari, tarehe.

"Fundi huyu ana tabia ya kuandika tarehe kila akimwaga zege," Futi akasema. "Naomba mlinganishe tarehe ya kwenye zege na tarehe ambayo kompyuta ilizima sauti ya nguzo."

Ukumbi mzima ukasoma. Mimi herufi zinanisumbua lakini tarehe nazijua, za mahari na za kodi zote nazijua. Zilikuwa sawa. Siku ileile. Kompyuta ilikuwa imemkamata shemeji yangu bila kumwona, bila kuambiwa, kutoka maili na maili, kama mke anavyojua umepitia wapi kabla hujavua viatu.

Futi hakumtaja jina. Hakumtazama hata mara moja. Na alikuwa anajua muda wote! Amekuja kwetu kula, amekaa na babu yake huyo meza moja, amemkatia matunda, hajasema neno. Lakini shemeji ni mtu wa wima, siku zote. Akasimama.

"Profesa, ni mimi."

Mke wangu akafunika uso kwa mkoba.

"Wewe ndiye mlima?" akauliza Nyundo.

"Mimi ndiye fundi. Ni babu yake. Ilikuwa imelala, nikaona vibaya. Mtoto hana kosa, kama ni kuadhibu mniadhibu mimi, zege ni langu na tarehe ni yangu."

"Na tarehe unaandika ya nini?"

"Ili likipasuka wajue pa kunitafuta."

Nyundo akavua miwani. Nilidhani anakasirika. Mabega yakaanza kumtikisika, kumbe anacheka, anacheka mpaka anajifuta macho kwa tai. Wanafunzi wakatazamana kama watu walioona jiwe linapiga chafya.

Wakatutoa nje, kwenye ujia, wajadiliane. Futi aliegemea ukuta, amefumba macho. Shemeji akamsogelea.

"Mama, nimekuharibia?"

"Babu, ningetaka mtu aijaribu programu yangu vizuri hivyo nisingempata. Nilikuwa naogopa tu kwamba hawatalisoma zege."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeenda kuling'oa."

Ukutani palikuwa na ubao wa matangazo umelala upande. Shemeji akaunyooshea mkono, akakumbuka, akaurudisha mfukoni.

Mlango ukafunguliwa. Nyundo mwenyewe kasimama pale. "Daktari," akasema, "ingia."

Mimi nikageuka nyuma kuangalia daktari gani anaitwa na nani anaumwa. Nyuma hapakuwa na mtu. Nilipogeuka mbele, mke wangu ameshatupa mkoba chini. "Mke mwenzangu! Mke mwenzangu!" ndiyo kelele yake, anamzungusha mtoto wa watu na koti langu, na mama yake Futi anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Na mimi? Mimi nilikuwa nalitazama koti. Lilikuwa linametameta, nikajua macho yangu ndiyo yana maji. Yule mtoto wa chini ya meza. Yule mpima madimbwi. Nikajisikia kifua kimejaa mpaka vifungo vyangu mwenyewe vikaniomba nafasi.

Kasoro walimpa moja tu, aiandikie nguzo ya saba sura nzima kitabuni, asiifiche katikati ya mengine. Na Nyundo akasema nguzo zote zibaki zilipo, hata hiyo ya zege.

Halafu chai ikaletwa, ndipo nikaona vituko. Mama wa hesabu anamtambulisha Futi kwa mtu, "Huyu ni wetu, sikilizeni hesabu yake." Bwana mmoja wa miamba anaingilia, "Wenu vipi, chemchemi mmeijua ninyi?" Mhandisi naye anadai nguzo, kijana wa kompyuta anadai programu. Sasa kila nyumba inaapa mtoto amekula kwao! Nikamkonyeza Futi. Naye akaniibia futi shingoni, mbele ya wasomi wote, akaivaa yeye.

Jumapili tukapanda mteremko sote, kwa mwendo wa magoti yetu. Nguzo zimepangana mpaka juu, kila moja imeinama kidogo, zinasema maneno yao hewani, na chini yetu mabati ya mtaa yanawaka jua. Shemeji alitembea mikono imefungwa nyuma ya mgongo, kidole kimeshika kidole kama mtu aliyekamatwa.

"Mikono inaniwasha," akasema.

"Vumilia, Babu," Futi akamwambia. "Zikiinama ndiyo zinafanya kazi."

Tukafika ya saba. Shemeji akatoa leso akafuta vumbi juu ya tarehe yake. Akatoa timazi, akaining'iniza pembeni ya nguzo, akafumba jicho moja. Kamba na nguzo zikalingana.

"Mmeona?" akasema. "Haijasogea hata nukta."

"Imesimama kweli, Babu," akasema Daktari wetu.

Akaridhika. Akakunja timazi yake, akaanza kuteremka mbele yetu, kifua mbele. Baada ya hatua chache akasimama, akatazama pembeni.

"Lakini hii ya nane..."

"Babu!" tukamwambia sote.